Antena ya "Dijitali"? Uliza Swali Jingine

Ukienda dukani leo kununua antena ya runinga, mwenye duka atakuuliza kwanza kama wataka ile ya "dijitali". Ukijibu ndiyo, bei yapanda papo hapo. Mwulize wewe: hii inashika UHF?

Kwa hakika, antena haijui dijitali wala analojia. Kazi yake ni kunasa mawimbi; kuyafasiri ni kazi ya king'amuzi. Tangu mitambo ya zamani izimwe mwaka wa 2015, matangazo ya dijitali hutufikia kwa masafa ya UHF, na antena yake huwa na vijiti vifupi, futi moja hivi au pungufu. Ile yenye vijiti virefu kuliko mkono wa mtu mzima ni ya VHF, ya enzi za KBC peke yake. Waliopanda paa kuitafuta KTN ilipoanza mwaka wa 1990 huenda wana antena ifaayo hadi leo, kama kutu haijaila.

Nayasema haya kwa ajili ya baba yangu. Tangu mama atutoke, mzee anaishi peke yake bondeni kule Githunguri, na taarifa ya habari ya saa moja ndiyo sauti ya pekee inayoingia nyumbani mwake jioni. Mwaka jana picha zilianza kukatika. Zamani ungevumilia chenga, lakini dijitali haina huruma hiyo: mawimbi yakipungua, picha hugawanyika vipande vipande kisha huganda kama ugali wa jana. Fundi mmoja akamshauri anunue busta. Akanunua, na hali ikabaki vile vile, kwani busta hukuza mawimbi pamoja na makelele yake. Kisichofika kwenye antena haiwezi kukileta.

Ndipo jirani akanipigia simu. Mzee wa miaka 74 alikuwa akiegemeza ngazi ukutani, mvua imetoka kunyesha, mabati yanateleza.

"Baba, paa hilo tuachie sisi," nilimwambia nilipofika. Akanyamaza. Sikumlaumu, nyumba ile aliijenga kwa mikono yake.

Tukapatana hivi: kijana mmoja fundi apande siku ya jua, mzee aketi mbele ya runinga atoe amri. Mlingoti uliinuliwa futi kumi juu ya paa, mbali na nyaya za umeme kiasi kwamba hata ukianguka hauzifikii. (Hilo, msomaji, usilipuuze hata kidogo.) Ncha ya mbele ikaelekezwa Limuru, kwenye mtambo, na vijiti vikapangwa kama vya majirani wanaopata picha safi. Kisha akawa anazungusha kidogo, anangoja sekunde chache, anazungusha tena, maana king'amuzi hakijibu upesi. Kwenye skrini kuna mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Fuata wa ubora.

"Hapo! Usiguse!" mzee akapaaza sauti kutoka sebuleni.

Waya ukafungwa ukiwa umepindwa chini kabla ya kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondokee nje. Busta ingali kabatini. Mzee hataki itupwe, ati aliilipia.