Niliuza Matairi ya Theluji Ukunda

Kwa miaka kadhaa nimeuza matairi ya mtumba hapa Ukunda, kando ya barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga. Mengi kati ya hayo yalikuwa matairi ya majira ya baridi, yaliyotengenezwa kwa ajili ya barafu na theluji ya Japani. Mwanzoni sikujua. Baadaye nilijua, na nikaendelea kuuza. Ningekuwa na kosa la kutojua peke yake nisingeandika haya.

Huenda msomaji akauliza theluji na sisi wapi na wapi. Pwani ya Kusini, hata usiku wa Julai kusi likivuma, joto haliendi mbali chini ya nyuzi 20. Lakini magari yetu, Probox, Fielder, Vitz, Succeed, yametembea Japani kwanza kabla ya kushushwa bandarini Mombasa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo huja bado yana nguvu, na huja na matairi yaliyokuwa miguuni siku yalipouzwa. Sasa Japani ni ndefu. Hokkaido, Aomori, Akita na Niigata hufunikwa na theluji kila mwaka, na mwenye gari wa huko huwa na seti mbili: moja ya kiangazi, moja ya baridi. Akiuza gari lake Januari, anayelinunua Kenya amepata matairi ya Januari ya Hokkaido. Mimi niliyachukua Mombasa kwa watu wanaoyavua kwenye magari ya namna hiyo, nikayavusha kwa feri, nikayapanga mbele ya kibanda changu.

Yalikuwa yanapendeza, na hapo ndipo nilipojikwaa. Kipimo changu cha ubora kilikuwa ukucha. Nilikuwa nikiushika mkono wa mteja nautia kwenye mfereji wa tairi, kisha nauhamishia kwenye tairi la kawaida lililotumika, aone tofauti mwenyewe. La baridi lilikuwa na kashata ndefu, yaani meno marefu, lina mapande makubwa, na juu ya kila pande kuna mikato myembamba ya kwenda upande upande kama iliyochanjwa kwa wembe. Nilimwambia mteja kwamba mikato ile ni ya kunyonya maji ya mvua. Nilimwambia kuwa kwa masika yetu hakuna tairi kama hili. Nililiuza kwa bei ya juu kuliko lile la kiangazi lililolala kando yake, na watu walilipa bila kunung'unika, kwa sababu kila dereva wa huku anaijua lami ya mwezi wa tano ilivyo.

Nililinganisha kina cha kashata, sikulinganisha mpira wenyewe. Kosa lote lilianzia hapo, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Zamani Wajapani walipita kwenye barafu kwa matairi yenye misumari ya chuma. Misumari ile iliisaga lami, na kufikia miaka ya 1980 vumbi lake lilikuwa balaa katika miji kama Sendai na Sapporo, watu wakalivuta vifuani hadi wakaipigia kelele serikali. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuyazuia. Kampuni za matairi zilikuwa zimeshaanza kutafuta njia nyingine. Bridgestone ilitoa Blizzak mwaka 1988, na wenzake wakafuata. Tairi lisilo na msumari halina cha kushikia barafu ila mpira wake, basi mpira huo lazima uwe laini sana. Mpira wa kawaida ukifika chini ya nyuzi 7 hivi huanza kukakamaa. Ule wa baridi umechanganywa ubaki laini hata maji yanapoganda, na ile mikato ya wembe ipo ili kila pande liweze kukunjika, ling'ate barafu na kuufuta utando mwembamba wa maji ulio juu yake. Ni kazi ya akili kubwa, na huko Sapporo tairi hilo linaokoa roho za watu. Sina neno baya juu ya waliolitengeneza.

Lilete Diani mwezi wa pili, adhuhuri, lami imepita nyuzi 50. Ule ulaini unageuka kuwa udhaifu. Mapande yale marefu yanayumba chini ya uzito wa gari. Ukikata kona usukani unachelewa kuitika, ukikanyaga breki mpira unajikunja badala ya kushika. Joto linajikusanya ndani ya tairi. Kashata inaliwa upesi, na ile iliyomvutia mteja dukani haimalizi mwaka. Juu ya lami yenye maji, mahali pale pale nilipoliapia, ndipo linapoanguka zaidi. Vyama vya wenye magari vya Japani na Ujerumani, JAF na ADAC, vimelipima jambo hili hadharani kwa kufunga breki magari ya aina moja katika hali ya joto, na gari lililovaa matairi ya baridi huenda mbele zaidi kabla ya kusimama. Ukiwa nyuma ya bodaboda iliyobeba mama na mtoto, mita chache zile ndizo kila kitu.

Kuna na jambo la umri, ambalo sikuwahi kulitazama. Matairi ya baridi ya Kijapani huwa na vibonge vidogo ndani ya mifereji, vinavyofikiwa kashata ikiliwa nusu. Vikionekana, Mjapani anajua kwamba tairi hilo halifai tena kwa theluji, hata kama bado lina kashata ya kutosha kisheria. Mengi niliyoyasifu yalikuwa yamefika hapo. Mengine yalikuwa yamekaa hadi ule ulaini wake umekauka, yamekuwa magumu bila kuwa tairi la kiangazi. Kwa hiyo hata kwa kazi yake ya asili yalikwisha kutupwa, nami nayapaka dawa ya kung'arisha.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Kijerumani anayeishi Diani, aliyekuja kuziba pancha kwa jirani yangu. Alisimama mbele ya matairi yangu akayatazama kwa muda, kisha akaweka kidole ubavuni mwa mojawapo, palipochorwa mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Aliniuliza kama najua maana yake. Akanieleza kwamba kwao watu huyavaa kuanzia Oktoba, na Pasaka ikifika huyavua, maana hata kiangazi cha Ujerumani ni kikali mno kwa mpira ule. Hakunidharau. Alizungumza nami kwa upole, akidhani nikishajua nitaacha.

Usiku ule nilisoma mpaka nikaridhika kwamba amesema kweli. Na asubuhi yake nilifungua kibanda nikayapanga matairi yale upya, ubavu wenye alama ukitazama ukutani.

Hapo ndipo penye dhambi yangu. Nilikuwa nimeweka pesa nyingi kwenye shehena ile, na ada ya watoto ilikuwa inakaribia. Nilijiambia nitamaliza yaliyopo tu, kisha sitaagiza mengine. Najua wauzaji wenzangu watasema kila mfanyabiashara hujiambia hivyo. Haipunguzi kitu. Waislamu wenzangu tunakijua kisa cha Mtume kupita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la chakula na kukuta chini kumelowa, na tunajua alivyomkemea yule muuzaji aliyeficha. Nilikisikia kisa hicho chuoni nikiwa mdogo. Nilikikumbuka nikiwa nageuza matairi, na sikuyarudisha yalivyokuwa.

Katika mwezi wa tano wa masika yaliyofuata, mwalimu mmoja aliyenunua seti nzima kwangu alikuwa anateremka kutoka Kwale kuja Kombani, mkewe amekaa mbele. Anayeijua barabara ile inayoshuka kutoka Shimba anajua inavyojipinda na jinsi maji yanavyoikata mvua ikishika. Gari liliteleza kwenye kona likaingia mtaroni. Mwalimu alitoka mzima. Mkewe alivunjika mkono.

Alikuja kwangu baada ya siku kadhaa, hana hasira, amekuja kutaka ushauri kwa mtu anayemwamini. "Kaka, hebu niambie kweli. Haya matairi ni mazuri?"

Nikamwambia, "Ni mazuri, mwalimu. Si unaona mwenyewe kashata zilivyo? Kapimishe breki zako."

Akaenda. Akabadilisha pedi na diski za mbele kwa pesa alizokopa, akaendelea kutembea na matairi yale yale, na mke wake mwenye plasta akipanda gari hilo hilo kwenda kliniki Msambweni.

Siwezi kudai kwamba tairi peke yake ndilo lililomtia mtaroni. Barabara ilikuwa na maji, kona ni kali, na sikuwepo. Lakini nilipoulizwa swali la kweli, mimi niliyejua jibu, nilimpeleka mtu mbali na jibu hilo kwa makusudi, na nikamwacha mkewe na wanawe ndani ya hatari ile ile. Hilo halihitaji mtaalamu wa ajali kulipima.

Mwaka huu nilikwenda nyumbani kwao. Nilibeba seti ya matairi ya kiangazi na pesa za zile breki, nikawaeleza yote niliyoyaeleza hapa, pamoja na kuyageuzia ukutani. Mwalimu alinyamaza. Mkewe ndiye aliyesema. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza, "Na wengine ni wangapi?"

Sikuwa na jibu. Biashara yangu haina daftari la majina. Watu walikuja kutoka Tiwi, Gombato, Mwabungo, Msambweni, Kinango, wengine wakiwa safarini kwenda Lunga Lunga. Walilipa, nikawavisha matairi, wakaenda. Siwezi kuwapigia simu. Njia niliyobaki nayo ni kuandika.

Basi kama ulinunua tairi la mtumba kwangu, au kwa mwingine yeyote, au gari lako lilitoka Japani na bado halijabadilishwa viatu, chuchumaa ulitazame ubavuni, pande zote mbili, na wa ndani uumulike kwa tochi. Tafuta mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji. Matairi mengi ya Kijapani hayana mlima huo, yana neno STUDLESS au SNOW, na hilo linatosha kukujulisha. Herufi M+S peke yake zisikutishe, kwa sababu hukutwa pia kwenye matairi mengi ya magari ya porini ambayo si ya baridi. Kisha tazama juu, kwenye kashata: ukikuta kila pande limejaa mikato ya wembe iliyopinda pinda, na ukucha unadidimia kwa urahisi, umeshalijua. Usisahau tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT. 4217 maana yake ni wiki ya 42 ya mwaka 2017. Muuzaji akikuzuia kuzisoma, ondoka.

Kwa wenye Probox za kubebea maembe, samaki na mihogo, nawasihi zaidi. Probox ya mizigo hutaka matairi ya mizigo. Tairi laini la gari dogo la abiria, chini ya shehena, kwenye jua la saa nane, linaweza kupasuka bila kutoa dalili yoyote.

Wala mtu asinielewe vibaya akaling'oa la theluji na kurudisha lile la kipara lililokuwa limetupwa nyuma ya nyumba. Kipara kwenye maji ni hatari kuliko vyote. Kama huna la kubadilisha leo, punguza mwendo, acha nafasi kubwa mbele yako, usijaze gari, mvua ikianza kaa kando hadi ipungue, na anza kuweka akiba ya matairi mawili mawili.

Yale niliyobaki nayo nimeyakatakata ili yasiuzwe tena na mtu mwingine. Wenzangu wawili wa kando ya barabara tumezungumza. Mmoja ameacha kuyachukua, mwingine anasema wateja wenyewe ndio wanaoyataka. Anasema kweli, wanayataka, kwa sababu mimi na wenzangu tuliwafundisha kupima kwa ukucha. Serikali ya kaunti na polisi wa trafiki wangefanya jema kuyatazama matairi haya kwa jicho lile lile wanalotazamia kipara, lakini sitaki kujificha nyuma ya uzembe wa mtu mwingine.

Uliyenunua kwangu, sina uwezo wa kumrudishia kila mtu pesa kwa mkupuo. Njoo na matairi yako nikubadilishie, mawili mawili, kwa kadiri ninavyopata, na sitakuuliza risiti kwa sababu sikukupa. Kama tairi limekuumiza wewe au mtu wako, njoo pia, unidai haki yako nikiwa bado hai.