Bibi kanisahau, mikono yake haijasahau

Mwenzenu, Idi iliyopita nilimkosea bibi yangu, na mpaka leo roho inaniuma.

Nilikwenda kumsalimia Magomeni. "Shikamoo Bibi." Akaitikia marahaba vizuri tu, kisha akanikazia macho: "Wewe mtoto wa nani?" Mimi, aliyenilea tangu nina miaka minne! Nikaona ananitania, nikamjibu kwa ukali. Akainamisha kichwa, kimya.

Shangazi akanivuta pembeni. "Si makusudi, ni maradhi. Daktari kashasema." Halafu akampelekea Bibi miyaa. Jamani! Vidole vile vikaanza kusuka ukili bila kukosea hata mara moja. Nikabaki mdomo wazi.

Nikaenda kusoma. Kumbe kumbukumbu za muda mrefu si ghala moja. Kuna za matukio, kama siku ulipoibiwa viatu msikitini. Kuna za maarifa, kama kujua kwamba Kilimanjaro ni mlima. Na kuna za ufundi, zilizokaa kwenye mazoea ya mwili: kuendesha baiskeli, kusuka ukili. Hizi hutegemea sehemu tofauti za ubongo, kwa hiyo moja yaweza kuharibika nyingine ikabaki.

Mmarekani Henry Molaison alilionyesha hilo. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alipasuliwa ubongo kutibiwa kifafa. Tangu hapo matukio mapya hayakumkaa kichwani, hadi alipofariki 2008. Lakini mwanasaikolojia Brenda Milner alipompa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo, kwa siku tatu alizidi kuwa hodari, ingawa hakukumbuka kama aliwahi kuifanya!

Wiki iliyofuata nikarudi Magomeni. Safari hii sikumuuliza kama ananijua. Nilikaa naye mkekani, nikachukua miyaa: "Bibi, nifundishe." Nikasuka ovyo. Akanichapa kikofi mkononi: "Kaza, utaharibu!" Maneno yale yale aliyokuwa akiniambia nikiwa darasa la kwanza.

Jina langu hakulitaja. Lakini tulisuka mpaka magharibi, tukicheka.

Basi nawe mwenye mzee nyumbani, acha kumpa mtihani wa "mimi nani?" Mpe kazi ambayo mikono yake inaijua, kisha ukae karibu yake.