Mikono ya Maynard Hill

Hapa Tanzania mtumishi wa umma akitimiza miaka 60 hufanyiwa hafla, hukabidhiwa zawadi, kisha simu yake huacha kuita. Kila nilitafakaripo jambo hili hunijia jina ambalo wasomaji wangu wengi pengine hawajapata kulisikia: Maynard Hill, Mmarekani, rubani wa ndege za mfano.

Naam, za mfano: vindege vya mti mwepesi wa balsa, vinavyoongozwa kwa redio na mtu aliyesimama ardhini. Wanafunzi wangu hucheka nikivitaja. Hill alikuwa mtaalamu wa metali katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins iliyolihudumia jeshi la majini, na mwaka 1970 alikipandisha kidege chake hadi mita 8,205. Kilimanjaro ina mita 5,895. Rubani wa ndege ya kawaida huhisi inapoinama, kwa kuwa amekaa ndani yake. Wa ndege ya mfano hana ila macho, na ndege ikimwelekea, kushoto kwake huonekana kulia.

Ndiyo maana yaliyompata uzeeni yangetosha kuifunga habari yake. Macho yalififia hata akahesabiwa kipofu kisheria, na masikio nayo yakawa mazito. Katika hali hiyo alikusudia kuvusha ndege ya mfano juu ya Bahari ya Atlantiki. Kanuni za rekodi za kimataifa hazikuruhusu izidi kilo 5, mafuta yakiwamo. Aliunda kwa kupapasa. Kazi zilizohitaji macho zikawa za wenzake. Ndege zilizotangulia, tangu Agosti 2002, hazikufika.

Sidai kwamba ulimwengu wake ulikuwa wa watakatifu. Ndege zisizo na rubani zinazoua watu leo ni za ukoo huohuo, na maabara za kijeshi zina sehemu yake katika malezi hayo. Lakini nasisitiza hili: wenzake hawakumweka kati yao kwa huruma, wala hawakumpa kiti cha heshima akakae kimya. Walimhitaji. Miongo ya kubembeleza injini ndogo ili zinywe mafuta kidogo kidogo ilikuwa imehifadhiwa kichwani na vidoleni mwake. Katika ofisi zetu maarifa ya namna hiyo huondoka na mwenyewe siku ya hafla, na mwaka unaofuata tunamlipa mshauri kutoka nje aje atueleze palepale tulipokuwa.

Jioni ya tarehe 9 Agosti 2003, katika rasi ya Cape Spear, Newfoundland, Hill, mwenye umri wa miaka 77, aliirusha ndege ya tano kwa mkono wake. Mwenzake aliipandisha kwa redio, kisha ikaachiwa kompyuta iliyofuata mwongozo wa setilaiti. Ilipita usiku mbili juu ya maji. Baada ya saa 38 na dakika 52, na zaidi ya kilomita 3,000, rubani mwingine aliipokea na kuitua katika ufuko wa Mannin, Ireland, si mbali na mahali Alcock na Brown walipotua mwaka 1919 walipoivuka bahari hiyohiyo bila kusimama. Tangi lilikuwa karibu tupu. Hill mwenyewe alikuwa bado Newfoundland, akingoja simu.