Aliachiwa Ua, Akaondoka Siku Tisa

Kuna jamaa mmoja wa Sinza, jina kapuni, ambaye ukikutana naye utasema "huyu nimeshamwona sehemu". Ni kweli umemwona. Ni dansa, anacheza nyuma ya msanii mmoja mkubwa tu hapa Bongo, yule wa pili kutoka kushoto asiyekosea stepu. Kwenye peji yake kuna viatu, kuna miwani, kuna video za mazoezi. Picha ya ua hakuna hata moja. Na stori hii ni ya ua.

Mwaka jana mchumba wake alipata mkataba wa kazi za ndani Muscat, miaka miwili. Usiku wa kuamkia safari akagawa vitu vyake. TV kwa mdogo wake, jiko la gesi kwa jirani, kabati kwa shangazi. Jamaa alikuwa anapiga hesabu za sabufa. Akakabidhiwa ndoo ya rangi iliyokatwa nusu, ndani yake kuna kangaga.

Sasa usifikirie yale makangaga manene yanayowekwa kwenye vibaraza vya hoteli. Hili ni jembamba, vikonyo vyake vyeusi kama uzi wa kushonea, vijani vidogo vidogo kama vipepeo vya mkono, kijani mpauko, ukipumua karibu linatikisika. Wazungu wanalifananisha na nywele za msichana. Jina lake la kitaalamu, Adiantum, limetoka kwenye neno la Kigiriki la kitu kisicholowa, maana ukilimwagia maji juu, matone yanateleza na jani linabaki kavu. Ajabu ni kwamba hilo hilo lisilolowa ndilo linalokufa kwa kiu haraka kuliko maua yote ya mtaani.

Na hakulinunua. Alilichimba mwenyewe Lushoto, ukingoni mwa kijito nyuma ya nyumba ya bibi yake, wiki waliyomzika bibi. Akalisafirisha kwenye basi mpaka Dar, kalipakata kwenye mfuko wa nailoni wenye udongo mbichi. Kule Usambara linaota lenyewe kivulini kwenye unyevu, hakuna anayeligeukia. Kuliweka hai Dar ni shughuli nyingine kabisa, na yeye alikuwa ameiweza miaka miwili.

Masharti alimwachia kwa sauti, WhatsApp, dakika nne nzima. Udongo usikauke hata siku moja, ila usiogelee. Jua lisiligonge moja kwa moja. Feni isilipulize. (Kwa anayelijua joto la Dar mwezi wa pili, hilo la feni peke yake linatosha kuvunja uchumba.) Likae bafuni karibu na kile kidirisha chenye kioo cha ukungu, maana pale kuna mwanga na mvuke wa kuoga. Chini ya ndoo kuwe na sahani ya kokoto na maji kidogo.

Miezi ya mwanzo jamaa alikwenda vizuri, tena akanogewa. Washkaji walimcheka, akakausha. Siku moja akaona chini ya majani, pembeni kabisa, kuna alama za kahawia. Akajua ugonjwa. Akachukua mswaki wa zamani na sabuni, akasugua jani moja moja, jioni akaripoti kwa fahari kwamba amemtibu. Dada akacheka mpaka akakata simu. Kangaga halitoi maua wala mbegu, zile alama ndo zinabeba spora, ndo uzazi wake. "Umewasugua wajukuu wangu kwa mswaki," alimwandikia.

Halafu ikaja ziara ya mikoani. Siku tisa. Hela nzuri, na dansa hana likizo, ukikosa mara moja nafasi yako ina mtu. Akamwachia ufunguo mshkaji wake, na elfu tano ya bando juu. Mshkaji alikwenda mara mbili. Mara ya pili akaona ua limekaa gizani kama mfungwa, akalionea huruma, akalitoa bafuni na kuliweka dirishani juani "lipate vitamini". Akawasha na feni, akaondoka.

Jamaa alirudi usiku, akakuta kitu cha kahawia. Akigusa, kinavunjika kama majani ya chai.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, maana badala ya kusema alianza kuzuga. Dada anamaliza kazi usiku, anapiga saa sita za kule, saa tano za huku. "Nionyeshe mtoto." Bando limeisha. Kesho yake, umeme hakuna. Siku ya tatu akatuma picha ya zamani. Dada akaiangalia vizuri, akaona kikonyo kilekile kilichovunjika kushoto ambacho alishawahi kukiuliza. Siku ya nne hakuuliza tena habari za ua. Aliandika mstari mmoja: "Umeingiza mwanamke humo ndani?"

Na hebu jiweke kwenye nafasi yake. Uko nchi ya watu, chumba usichokijua, mwanaume wako ghafla hataki kamera ielekee ndani. Ungewaza nini? Kangaga?

Asubuhi jamaa alikwenda kwa wauza maua pembeni ya barabara ya Bagamoyo. Alikuwa na mpango: anunue lingine linalofanana, alihamishie kwenye ndoo ileile, yaishe. Akamkuta mzee mmoja, akamwamkia, akamwonyesha picha. Mzee alikuwa nalo, elfu kumi na tano. Akalitoa, kisha akaishika simu akaitazama tena.

"Kijana wangu, hili vijani vyake vikubwa. Vya huyo ni vidogo, na vimekatika katika pembeni. Mwenyewe atajua."

"Mzee, yuko mbali, hawezi kujua."

"Amelilea?"

"Ndiyo."

"Basi atajua. Lako limekauka juu tu au na mzizi?"

Jamaa hakuwa amewahi kufikiria mzizi. Mzee akamweleza: jani la hili kangaga likishakauka halirudi, usilibembeleze. Ila shina lake limelala ndani ya udongo, na kama halijakauka lote, lina nguvu. Kata vyote vilivyo juu, acha kama vidole viwili. Rudisha kivulini, weka unyevu kidogo kidogo, usitie mbolea, subiri wiki kadhaa. Hakumuuzia kitu. Kwa mfanyabiashara wa mjini hiyo nayo ni habari.

Usiku ule alipiga yeye. Akageuza kamera, akazunguka chumba chote polepole, kitanda, kabati, nyuma ya mlango, bafuni. Mwisho akashusha simu kwenye ndoo. Udongo na vijiti vyeusi vilivyokatwa, basi. Akasema kila kitu, mpaka ile picha ya zamani, mpaka ile elfu kumi na tano aliyokaribia kuitoa.

Upande wa pili kimya. Jamaa anasema kile kimya kilikuwa kirefu kuliko ziara nzima.

Kisha dada akauliza, "Maji unayomwagilia ni ya wapi?"

"Ya kisima. Hapahapa."

"Yana chumvi hayo. Mimi nilikuwa nakinga ya mvua, ndoo ya bluu nje. Nilisahau kukwambia." Akanyamaza tena. "Usinifanyie hivyo tena. Siyo ua. Hiyo ya kuniacha niwaze."

Akakata simu, siku mbili hakupiga.

Ndoo ya bluu sasa iko nje chini ya bati, na majirani wameonywa wasiigusie kufulia. Wiki ya nne jamaa aliingia kupiga mswaki, akaona kwenye udongo vitu viwili vyembamba vimejikunja kichwani kama mkia wa kinyonga. Hakuamini, akasogeza tochi ya simu. Akapiga picha kumi na moja, akatuma zote.

Majibu yalikuja saa sita za kule, sauti ya sekunde saba. Hajamchezea mtu yeyote. Mkataba umebakiza miezi minane, na safari ya mikoani inayofuata ameshaulizia kama kwenye basi la madansa kuna nafasi ya ndoo.