Turbo baadaye, kwanza tupime

Najua nimepotea hapa wiki mbili nzima, msinichape. Test za Termo zilinibana, halafu kuna hili suala la gari la mjomba ambalo limeninyima usingizi kuliko hata hiyo Termo.

Wanaonijua wanajua mjomba wangu wa Mbagala ana Mazda RX-7, ile FD. Ndiyo, ile ile ambayo nusu ya hosteli wamebandika picha yake ukutani. Mwezi uliopita akauza Hiace moja kati ya mbili zake, akanipigia: "Mjomba, wewe si ndio injinia wetu? Niandikie orodha ya spea, nataka farasi mia nne." Basi bwana, nikaandika. Turbo moja kubwa badala ya zile mbili ndogo za kiwandani, ekzosi pana, nozeli kubwa, kurasa mbili na mchoro juu yake. Nilijiona mtu.

Nilipokaa kuisoma ile injini vizuri nikaanza kuogopa. 13B-REW haina pistoni wala valvu za kichwani. Ina rota mbili za pembetatu, kila moja cc 654, jumla 1,308. Karibu sawa na IST ndogo! Lakini toleo la juu la mwaka 1999 lilitoka kiwandani na farasi 280. Kila ncha ya rota ina kijiti chembamba kinachoteleza kwenye ukuta wa injini, jumla viko sita, na ndivyo vinavyofanya kazi ya ringi. Ukisukuma hewa nyingi bila kuongeza petroli, mchanganyiko unalipuka ovyo, kijiti kinakatika, na vipande vinatoka na moshi moja kwa moja kwenye turbo. Siku moja unazika vyote viwili.

Mtego wenyewe ni ekzosi. Watu huanza nayo kwa sababu ni rahisi kufunga na inanguruma vizuri. Kumbe ukiifungua sana, kile kivalvu cha kupitisha moshi pembeni ya turbo kinazidiwa, na presha inapanda yenyewe wakati hujagusa kitu. Kwenye orodha yangu ekzosi ilikuwa namba mbili, jamani. Injinia huyo!

Jumamosi nikaenda Mbagala na fundi mmoja mtu mzima, tukapime kompresheni kabla hata ya kununua boliti. Unazima petroli, unatoa plagi moja kila rota (ziko mbili mbili), unafunga geji iliyotolewa kivalvu cha kushikilia upepo, mwingine anapiga stata huku amekanyaga mafuta hadi mwisho. Hapo unaangalia mshale unavyoruka na unasikiliza. Rota ina nyuso tatu, kwa hiyo unataka pumzi tatu zinazolingana.

Ya mbele: fuu, fuu, fuu. Safi.

Ya nyuma: fuu, fsss, fsss.

Tukarudia mara nne. Mjomba amekaa juu ya tairi anatabasamu, anadhani huo ndio mlio wenyewe. Mimi na fundi tukaangaliana tu. Ingekuwa uso mmoja dhaifu ningesema labda ni sili ya ubavuni. Lakini nyuso mbili zinazofuatana maana yake ni kijiti cha ncha, kwa sababu kijiti kimoja kinatenganisha vyumba viwili. Na hapo gari linawaka na linatembea! Ningelifunga turbo kubwa, lisingefika Kilwa Road.

Nikachukua zile kurasa mbili nikageuza nyuma, nikaandika upya mbele yake. Kushusha injini na kubadili sili zote. Mipira ya vakyumu, ambayo imekauka kama ubuyu. Kitanki cha plastiki cha maji kitolewe kije cha chuma, kikipasuka injini inachemka. Rejeta na intakula kubwa, maana joto la Dar mnalijua. Pampu ya petroli, nozeli, halafu kompyuta inayoweza kupangwa upya, kwa vile ya kiwandani ilipangiwa petroli ya Japani. Baada ya hapo ndipo ekzosi. Turbo zile zile mbili zibaki, na presha ya kiwandani.

Mjomba akaisoma kimya. "Kwa hiyo Hiace yangu imekwenda kununua vijiti?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na farasi mia nne?"

Nikamwambia mwaka huu hapana. Hakunijibu. Akaingia ndani, akarudi na chai vikombe vitatu, akasema kwa sauti ya chini, "Anti yako asijue kwanza." Sijui nitamkwepaje, maana bumu likichelewa yeye ndiye ananilisha.

Jumapili ijayo tunashusha injini. Mwenye nafasi na asiyeogopa oili aje, ubwabwa upo. Ngoja niwahi prep.