Siku ya Bandari, Siku ya Bahari

Tulipanda meli ya kitalii Dubai, pamoja na mama yetu mzee, tukielekea Maskati. Abu Dhabi tulimkimbiza msikiti wa Sheikh Zayed, makumbusho na masoko, yote kwa siku moja. Jioni miguu ilimvimba, nasi tukajuta.

Kesho yake meli ilishinda baharini. Sitahani mama akatusimulia habari za babu yake, aliyekwenda Maskati kwa jahazi wakati wa kusi na kurejea Lamu kwa kaskazi. Hatukuwahi kuzisikia.

Maskati tulichagua soko la Matrah pekee, lililo jirani na bandari. Mama alinunua ubani, akatabasamu. Ndugu msomaji, usafiripo na wazee, usihesabu bandari tu. Siku ya bahari nayo ni ziara.