Jiwe la Leo

Basi la usiku kutoka Mombasa liliniteremsha Kyumbi, Ukambani, kabla jua halijachomoza, na baridi ikanipokea. Kwetu Mtongwe, Oktoba mtu hulala dirisha wazi. Hapa wauza chai wamevaa makoti! Matatu ilipoondoka kuelekea mjini, milima ya Iveti ikaanza kujitokeza gizani, na macho yangu hayakuamini: ubavu mzima umekatwa matuta, toka chini hadi karibu na kilele.

"Hiyo ni fanya juu," akasema mzee niliyeketi naye. Unachimba mtaro kukingama mteremko, udongo unautupa upande wa juu, mvua ikija isiondoke na shamba. Wakoloni waliwalazimisha watu kuhifadhi udongo, akanieleza, na mwaka 1938 walipotwaa ng'ombe wa Wakamba wakisema ni wengi kuliko malisho, Muindi Mbingu aliongoza umati hadi Nairobi kudai mifugo yao. Baada ya uhuru, matuta yakachimbwa kwa hiari, na mengi kwa mwethya, kazi ya ujima.

Dereva alinisihi nisikose Kyamwilu, mahali ambapo maji huonekana yakipanda mlima. Sikufika. Mto wa Kola ulinitosha.

Kola iko kwenye barabara ya Wote, na nilikwenda kesho yake. Mwenyeji wangu alisema tunakwenda mtoni, nami masikio nikayatega nisikie maji. Tulipofika nikaona mchanga mtupu, mweupe, mbuzi wakivuka bila kulowa kwato. Katikati ya ukavu ule, wanawake kwa wanaume walikuwa wakijenga ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba, kutoka ukingo hadi ukingo. Nilibaki nimeduwaa. Wanazuia nini?

Wanazuia mchanga. Mvua zikishuka, mto hujaa ghafla na kubeba mchanga kutoka milimani. Ukuta huukamata, na maji hujificha ndani yake, hadi asilimia 40 ya ujazo wote. Bwawa la namna hii ni kama dafu: nje pakavu, ndani maji. Jua haliyafikii, mbu hawapati pa kuzalia, na kiangazi kikikaza watu hufukua wakateka. Joshua Mukusya na wenzake wa kikundi cha Utooni walianza kazi hii hapahapa mwaka 1978.

Nikasimama kwenye mstari wa kupokezana mawe, kando ya mama mmoja wa makamo.

"Mama, bwawa hili litajaa lini?"

"Mvua ina mwenyewe, mwanangu. Nipe jiwe."

Nikampa. Nikauliza tena: msimu huu? Na mvua isiponyesha? Akanitazama kwa upole, akanyoosha mikono apokee jingine. Kujaa kwaweza kuchukua msimu mmoja, kwaweza kuchukua kadhaa. Kwetu anayetega nyavu alfajiri, jioni anajua kama ana kitoweo. Mimi nimelelewa kwenye hesabu hiyo, ndiyo maana maswali hayakunitoka upesi.

Yalitoka yenyewe. Wimbo ulikuwa ukipita mstarini kwa Kikamba nisichokijua, jiwe linafika, una nafasi ya kulishika vizuri na kulikabidhi, basi. Harufu ya saruji mbichi, joto la jiwe viganjani, kicheko cha mama yule. Sijui ni wakati gani niliacha kuutazama mto nikiuwazia maji.

Wako watakaosema kuacha huko ni kukata tamaa. Nakataa kabisa. Kijana mmoja alipunja saruji katika mchanganyiko, wakamsimamisha, akauchanganya upya mbele ya watu wote. Ukuta ulipimwa kwa kamba kila ulipoinuka. Wanaoiachia mvua mambo ya mvua ndio niliowaona wakali kuliko wote juu ya kilicho mikononi mwao, na uhuru ule niliuonea wivu.

Jumapili, baada ya kanisa na sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharage, mwenyeji wangu alinionyesha shamba lake. Alikuwa amekwisha kupanda mahindi ya Katumani, mbegu ya kituo cha utafiti kilicho karibu na mji, inayokomaa kwa miezi mitatu hivi. Ameipanda katika vumbi, mbingu haina hata wingu! Mvua ya kwanza ikidondoka, ikute mbegu iko tayari. Mbegu nyingine ameiweka akiba, endapo hii itaharibika. Kisha akanitembeza kwenye miembe yake, akieleza mti mmoja mmoja, wala hakutazama juu.

Ukipata nafasi, ndugu msomaji, nenda Ukambani mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua. Vaa viatu vigumu, uingie mstarini. Mawe yapo, na mgeni hupewa nafasi.